Umri wa Ua Lililokatwa

Mwanafunzi wa jiografia katika shule za sekondari za Kenya hufundishwa kulinganisha kilimo cha maua cha nchi yake na kile cha Uholanzi. Akiulizwa kwa nini Naivasha imestawi kwa maua, jibu analijua kwa mpangilio: udongo wa volkano, jua la mwaka mzima, maji ya ziwa, vibarua wengi, na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulio umbali wa kilomita 90 hivi. Orodha hiyo si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba karibu kila kilichomo kinahusu ua likiwa bado limeshikana na mti wake, ilhali ua linalolipiwa London au Amsterdam limekwisha kukatwa siku kadhaa, halina mizizi, na limeanza safari ya kufa tangu mkasi ulipopita. Mnunuzi hanunui udongo wala jua. Ananunua siku ambazo ua hilo litakaa mezani likiwa hai. Ndiyo maana historia ya biashara hii, ikisomwa vizuri, inaanzia kwenye ndoo ya maji na chumba cha baridi badala ya shambani. Naivasha haikujengwa na uwezo wa kuotesha waridi, kwani waridi huota mahali pengi. Ilijengwa na ujuzi wa kulizuia lisife baada ya kukatwa.

Afrika Mashariki ilikuwa ikiuza maua ng'ambo zamani kabla ya waridi, ila tuliyauza yakiwa yamekufa. Karafuu ni tumba la ua. Wachumaji wa Unguja na Pemba hulichuma kabla halijafunguka, rangi yake inapoanza kuacha ukijani na kuingia wekundu, kwa kuwa likishachanua thamani yake imekwenda. Kisha huchambuliwa kutoka kwenye vikonyo na kuanikwa juani juu ya majamvi kwa siku kadhaa hadi likauke na kuwa gumu. Kwa bidhaa hiyo Zanzibar ya karne ya 19 ilijulikana duniani kote, na dhoruba ya mwaka 1872 ilipoangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba biashara. Huko bara, kuanzia miaka ya 1930, nyanda za juu za Kenya zilizalisha pareto, ua jeupe ambalo kichwa chake hukaushwa na kukamuliwa dawa ya kuulia wadudu. Hata ng'ambo ya bahari, huko Oman, katika vijiji vya Jabal Akhdar, waridi huchumwa alfajiri na mapema, hupikwa, na mvuke wake hukingwa ukawa marashi ya kunyunyizia wageni. Katika biashara zote hizi, hakuna aliyejaribu kushindana na kifo cha ua. Kilichofanyika ni kukiwahi: ua liliuawa kwa jua au kwa moto, ikachukuliwa harufu, mafuta au dawa yake, na mwili wake ukaachwa.

Ua bichi nalo lilikuwa na nafasi yake, hasa pwani, lakini nafasi hiyo ilipimwa kwa saa. Asmini huchumwa jioni ikiwa tumba, hutungwa uzi, na hufunguka usiku ikiwa imekwisha kuvaliwa. Kikuba hufungwa kwa asmini, rehani na mkadi, kikabanwa kifuani au kwenye nywele, na asubuhi hutupwa bila majuto kwa sababu kazi yake imekwisha. Tusiudharau utaratibu huu kwamba ni pambo tu. Ndani yake kuna maarifa mawili ambayo wataalamu wa leo wanayatumia: ua lichumwe kabla halijachanua, na lichumwe jua likiwa limepungua ili lisipoteze maji. Tofauti ni kwamba mchumaji wa asmini hakuhitaji ua lake lione soko la siku ya pili. Bibi harusi alikuwa mtaa wa jirani, na usiku ulikuwa mmoja. Aliyapatanisha maua na muda kwa kuchagua saa ya kuchuma. Mkulima wa Naivasha amepewa hesabu nyingine kabisa: siku za kupakia, kuruka, kunadiwa na kusambazwa, na juu yake wiki nzima nyumbani kwa mtu asiyemjua.

Ili kuona ukubwa wa hesabu hiyo, yafaa kujua ua lililokatwa linauawa na nini. La kwanza ni kiu. Ndani ya shina mna mirija myembamba inayovuta maji kwenda juu. Shina likikatwa na kukaa hewani hata kwa muda mfupi, viputo vya hewa huingia kwenye mirija na kuikata njia ya maji. Likitiwa kwenye maji machafu, bakteria huzaliana na kuiziba. Waridi lenye mirija iliyoziba huinamisha kichwa shingoni huku shina lake likiwa ndani ya maji tele, na mwenye nyumba hudhani lilikuwa limeshazeeka. La pili ni njaa. Ua limetenganishwa na majani mengi yaliyolitengenezea sukari, lakini bado linapumua na kuteketeza akiba yake. Joto likipanda kwa nyuzi 10, upumuaji huo huongezeka mara mbili hadi tatu, kwa hiyo siku moja ya boksi kuachwa juani hula siku kadhaa za mezani. La tatu lilikuwa gumu zaidi kulitambua, kwa kuwa halionekani: ni gesi.

Kisa cha gesi hiyo kilianza na hasara ya wafanyabiashara. Mwanzoni mwa karne ya 20, kanesheni zilizopelekwa Chicago zilikuwa zikijikunja na kufumba, kana kwamba zimelala, na zikishafumba hazikufunguka tena. William Crocker na Lee Knight wa Chuo Kikuu cha Chicago walifuatilia tatizo hilo, na mwaka 1908 wakachapisha matokeo yao: mkosaji ni gesi ya taa iliyokuwa ikivuja, na ndani ya gesi hiyo, sumu yenyewe ni ethilini. Sehemu moja ya ethilini katika sehemu milioni mbili za hewa ilitosha kuzifumba kanesheni zilizokwisha kuchanua, kwa saa 12 tu. Miaka saba kabla, Dimitry Neljubow wa St Petersburg alikuwa ameonyesha kwamba gesi hiyohiyo ndiyo iliyopindisha miche ya njegere katika maabara yake. Mwaka 1934 Richard Gane wa Uingereza akathibitisha jambo lililobadilisha kila kitu: matunda yenyewe huitoa. Yeyote aliyewahi kuona ndizi zikivumbikwa kwenye shimo lenye moshi ameiona ethilini ikifanya kazi, kwani moshi huibeba, na ndizi zinazoiva huiongeza. Kinachomfurahisha mwenye ndizi ndicho kinachomfilisi mwenye kanesheni. Uzee wa ua, basi, si uchakavu tu. Kwa maua ya aina nyingi ni amri inayotolewa kwa gesi, na amri huweza kuzuiwa isisikike. Mwaka 1976 mtafiti Elmo Beyer alionyesha kwamba chembe za madini ya fedha hulifanya ua liwe kiziwi kwa ethilini, na miaka miwili baadaye Veen na van de Geijn wa Uholanzi wakapata chumvi ya fedha na thiosulfeti inayopanda vizuri ndani ya shina la kanesheni hadi kwenye ua. Kanesheni iliyonyweshwa dawa hiyo kwa muda mfupi baada ya kukatwa ilidumu mezani muda mrefu kuliko ile iliyonyimwa.

Sasa tuziweke tarehe hizi pembeni mwa tarehe za Naivasha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Kidenmaki, DCK, ilianza kuotesha krisanthemamu Masongaleni na Naivasha. Katika miaka ya 1970 kampuni hiyo ilishindwa, Brooke Bond, wafanyabiashara wa chai, wakaingia, na shamba lao la Sulmac likajulikana kwa kanesheni. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973, kupasha joto mabanda ya vioo ya Uholanzi wakati wa baridi kukawa ghali, na soko likafunguka. Maua ya kwanza yalisafiri kwenye matumbo ya ndege zilizokuwa zikirudisha watalii Ulaya. Mwaka 1982 shamba la Oserian lilianza na statisi, ua ambalo hata likikauka halipotezi rangi. Waridi, ambalo leo ndilo uti wa mgongo wa biashara, lilikuja kutawala katika miaka ya 1990, vyumba vya baridi na malori ya friji yalipokuwa yameenea. Mfuatano huu una maana. Jua na udongo wa Naivasha vilikuwa vilevile mwaka 1970 na mwaka 1995. Vilivyobadilika ni vyombo vya kutunzia. Ua gumu, krisanthemamu, lilitangulia, ua linalotibika kwa dawa likashamiri dawa ilipopatikana, na ua laini likasubiri baridi. Mauzo ya nje ya Kenya yalikuwa takriban tani 11,000 mwaka 1988; kufikia 2014 yalipita tani 130,000. Ardhi haikuongezeka rutuba mara kumi katika miaka hiyo.

Ukiingia kwenye shamba la waridi leo, utaona kwamba kazi nyingi huanza pale ambapo kitabu cha jiografia kinaishia. Mvunaji hupita kati ya mistari ndani ya kivungulio akitafuta tumba lililofikia hatua moja tu: petali za nje zimeanza kulegea, za ndani bado zimekaza. Akilikata mapema mno, halitafunguka kamwe, na likichelewa, litachanua ndani ya boksi. Shina huingia mara moja kwenye ndoo yenye maji safi yaliyotiwa dawa ya kuua bakteria, na ndoo haiachwi ikae ndani ya joto la kivungulio. Katika banda la kupangia, wafanyakazi, ambao wengi wao ni wanawake, huondoa majani ya chini na miiba, hupima urefu wa shina, hulichunguza ua lisiwe na ukungu wa kijivu, kisha hufunga mashada yenye vichwa vilivyolingana na kuyazungushia karatasi ngumu. Mashada hurudishwa majini katika chumba cha baridi ili yanywe na kupoa. Yakishapakiwa, maboksi hupangwa mbele ya feni kubwa inayovuta hewa baridi kupitia matundu ya ubavuni hadi joto la katikati ya boksi lishuke karibu nyuzi 2. Hapo ndipo lori la friji linapoondoka. Huko Ulaya, waagizaji huchukua sampuli na kuziweka kwenye chumba cha majaribio chenye nyuzi 20 na taa za saa 12 kwa siku, wakihesabu siku mpaka ua linyauke. Maduka makubwa ya Uingereza huandika kwenye karatasi ya shada idadi ya siku ambazo ua limehakikishiwa. Ahadi hiyo imechapishwa Uingereza, lakini imetimizwa au kuvunjwa Naivasha, ndani ya saa chache za kwanza.

Atatokea mtu aseme kwamba haya yote ni nyongeza: bila mwinuko wa karibu mita 1,900, usiku wenye ubaridi na mchana wenye jua, hakungekuwa na ua la kutunza. Pingamizi hili lina uzito, na Uganda inalitetea. Mashamba yaliyo karibu na Entebbe, yaliyo chini zaidi, hutoa mawaridi yenye vichwa vidogo, na wakulima wengi huko waligeukia vipandikizi vya krisanthemamu. Hali ya hewa huamua ua gani litaota. Lakini haiamui kama litauzika. Arusha ina mwinuko, udongo wa volkano na maji ya Meru na Kilimanjaro, na mashamba ya maua yameanzishwa huko tangu miaka ya 1980. Hata hivyo sekta hiyo ilibaki ndogo, sehemu kubwa ya maua yake ililazimika kuvuka mpaka kwa lori kwenda kupanda ndege Nairobi, na baadhi ya mashamba yakafungwa. Vivyo hivyo Colombia: mwanafunzi Mmarekani David Cheever alipoandika andiko lake la chuo mwaka 1967 akipendekeza Bogotá iwe mahali pa kuuzia dunia maua, alitaja hali ya hewa, lakini nguvu ya pendekezo lake ilikuwa kwamba uwanda wa mji huo umepakana na uwanja wa ndege unaofikia soko la Marekani kwa saa chache. Hali ya hewa nzuri iko mahali pengi kwenye ikweta. Mnyororo wa baridi usiokatika uko mahali pachache.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote uliletwa na ajali ya maumbile. Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull ya Iceland ilirusha majivu angani, na anga ya sehemu kubwa ya Ulaya ikafungwa kwa siku sita hivi. Naivasha haikupungukiwa na chochote kati ya vile vinavyotajwa darasani: jua liliwaka, ziwa lilikuwepo, wafanyakazi walikuwepo, na waridi liliendelea kuchanua kwa kasi yake ileile. Vyumba vya baridi vilijaa, mamilioni ya maua yakageuzwa mbolea, na maelfu ya wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Mwaka 2020, ndege nyingi ziliposimama kwa sababu ya korona, mambo yakajirudia. Mara zote mbili shamba lilikuwa zima. Kilichovunjika ni mnyororo wa baada ya kuvuna, na ukavunjika pamoja na biashara yote.

Pingamizi la pili ni la kimaadili, na haliwezi kupuuzwa. Linasema kwamba kurefusha umri wa ua ni ubatili, na kwamba gharama yake hulipwa na wengine. Ni kweli kwamba wazalishaji wa aina mpya, kwa miaka mingi, walichagua mawaridi yanayodumu na kustahimili safari, na harufu ikafifia njiani. Shada la duka kubwa la leo mara nyingi halinukii kama waridi la uani. Ni kweli pia kwamba madini ya fedha si kitu cha kumwaga ovyo mtaroni, na kwamba ziwa Naivasha liliposhuka sana wakati wa ukame wa 2009, macho yalielekezwa kwa mashamba yanayovuta maji yake. Lakini ukitazama vizuri, hoja hizi haziyapingi maelezo yangu, zinayathibitisha. Kama thamani ya ua iko katika siku zake za mezani, basi kila ua linalokufa njiani limenywa maji ya ziwa bure, limepuliziwa dawa bure, na limerushwa angani bure. Utunzaji mbaya ndio ubadhirifu mkubwa kuliko wote. Kuhusu ubatili, aliyefunga kikuba kwa usiku mmoja naye angeweza kushtakiwa hivyohivyo, na hakuna aliyethubutu.

Kiungo cha mwisho ni jagi lililo mezani, nacho kina historia yake ya ramli. Watu wametia majini sarafu ya shaba, aspirini, hata kijiko cha sukari, kila mmoja akiapa kwamba dawa yake ndiyo hasa. Kila mojawapo iligusa nusu ya ukweli: shaba huua vijidudu, aspirini hutia maji uchachu, sukari hulisha ua. Lakini sukari peke yake hulisha bakteria kuliko ua, na ndiyo sababu kipakiti kinachouzwa pamoja na shada huchanganya sukari, tindikali na kiua bakteria kwa pamoja. Asiye na kipakiti hajapoteza kitu kikubwa akikata upya sentimita mbili za shina kwa kisu kikali, akiondoa majani yote yatakayozama, akiosha jagi kama anavyoosha sufuria ya maziwa, akibadilisha maji kila baada ya siku moja au mbili, na akiliweka mbali na jua na mbali na sahani ya ndizi mbivu. Hakuna la ajabu hapo. Ni kazi ileile ya banda la Naivasha, ikiendelezwa na mtu wa mwisho aliyelishika ua.

Biashara hii sasa inaelekea kwenye mtihani mgumu zaidi. Wauzaji wa Kenya wamekuwa wakihamishia sehemu ya maua yao kwenye makontena ya friji yanayopita bandari ya Mombasa, kwa sababu meli ni nafuu na hutoa moshi kidogo kuliko ndege. Lakini safari ya usiku mmoja hugeuka takriban mwezi mzima, na mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipoanza mwishoni mwa 2023 na kuzilazimisha meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, iliweza kupita hapo. Ua litakalofika Rotterdam likiwa na siku saba za kuishi baada ya wiki nne au tano majini halitakuwa limeokolewa na udongo wa volkano. Litakuwa limeokolewa na mvunaji aliyejua petali ipi imelegea na mpangaji aliyeona doa la ukungu ambalo mashine haikuliona. Ikiwa hivyo ndivyo, hesabu ya nani analipwa nini inafaa kupangwa upya. Mishahara ya mashambani hupangwa kana kwamba wafanyakazi hawa ni sehemu ya mazingira, wakitajwa kwenye mstari mmoja na jua na maji: wengi, karibu, na wa bei nafuu. Historia inaonyesha kwamba wao ndio walioshika bidhaa yenyewe. Anayeuza siku hawezi kuendelea kumlipa ujira wa kibarua yule anayezitengeneza.